Bawa Nililolivunja Mimi

Wapendwa, nawasalimu kwa upendo wa Bwana. Wazee, shikamooni. Wengi mnanijua, fundi wa madirisha ya alumini pale njia ya sokoni. Leo nimesimama na aibu, mnivumilie.

Mnamjua mzee wetu aliyekuwa fundi wa ndege, akastaafu, akarudi hapa Same kuunda ndege yake ndogo uani. Siku za soko watu walishuka toka Vudee, kule milimani, kuja kuchungulia. Aliniita nimsaidie boriti ya bawa. Ndani yake zinakaa fimbo za kaboni, nyeusi, nene kama kidole, nyepesi ajabu. Kuziunga mbili, unachonga ncha zake kwa mshazari mrefu, unapiga msasa mpaka mng'ao uishe, ndipo unapaka gundi. Mzee alinionyesha urefu wa mshazari kwa mkono wake: shubiri nzima. "Hapo usinipunguzie, mwanangu."

Ndugu zangu, nilipima vibaya, nikaikata fimbo moja fupi. Nimezoea alumini, ukikosea, unakata nyingine. Fimbo ile ilitoka ng'ambo, tuliingoja miezi. Nikaona nikichonga shubiri nzima haitafika mwisho wa bawa. Nikachonga vidole vinne, nikagandisha, nikazungushia kitambaa chenye gundi. Ikapendeza! Mzee akaipapasa, akanisifu, nami nikachekacheka tu.

Siku ya kulijaribu bawa tulilifunga upande mmoja, tukapanga mifuko ya mchanga juu yake. Mzee akainama chini yake na futi, apime linavyopinda. Nikasikia ta! Likakatika palepale nilipounga. Mifuko ikamwangukia, ikamponda mkono wa kulia.

Hospitali akasema, "Ni hesabu zangu hizo. Nimezeeka." Nami nimesimama ubavuni mwa kitanda chake, najua ukweli. Nikasema, "Pole, mzee." Basi. Kile kiungo nilikuwa nimeshakificha darini.

Miezi minane, wapendwa. Mjini wakamwita mzee wa ndege ya mchanga. Akaacha kuunda. Hata hesabu za shule za mjukuu wake akawa hataki kuziangalia, anasema atampotosha. Mimi nampelekea ndizi, ati mtu mwema! Nilijichukia.

Mke wangu ndiye aliyekiona kile kipande. "Hiki si cha lile bawa?" Nikamweleza yote. Akakifunga kwenye kanga, akanipa. "Nenda sasa hivi. Chai utakunywa ukirudi."

Mzee alikipokea kwa mkono wa kushoto. Akaweka vidole juu ya ule mshazari, akahesabu vinne. Kisha akasema, "Mkono nimekusamehe. Lakini miezi minane nimejiona mjinga. Hiyo utanirudishiaje?"

Nikarudi kesho yake, na kesho kutwa. Wiki ya tatu akanipa msasa. Sasa nachonga mimi, anapima yeye, kila kiungo.

Namshukuru mke wangu. Nakushukuru nawe mchungaji, uliyeniambia kuungama chumbani hakutoshi, maana mwenzangu aliaibika hadharani. Ndugu zangu, nawaambia, kosa ukilificha haliishi. Kuna mtu mwingine analibeba, na pengine anakushukuru kwa ndizi.

Mzee, nakuona umekaa pale nyuma. Nasema mbele ya watu wote hawa: hesabu zako zilikuwa sahihi. Bawa nililivunja mimi.