Kapteni Urias Carty, Aliyekataa Kutangulia

Mchungaji wetu, Mama Zilpah uliyekaa hapo mbele na kofia yako ya samawati kwa sababu uliapa kwamba huyu bwana hutamvalia nyeusi, wana wa Sandy Ground na South Hill, nanyi mliovuka maji kutoka Saint Martin, Saba na Saint Thomas, familia inawashukuru kwa kufika. Imenituma mimi mjukuu wake Iantha niwasomee, kwa maneno ya watoto wake, maisha ya Kapteni Urias Ethelbert Carty, maisha ambayo wengi wenu mnayajua vipande vipande, kila mtu kipande kinachomfurahisha, lakini leo yatasomwa yote na kwa mpangilio, kwa kuwa Bwana Cornelius Lake, serahangi wake, yaani mkuu wa mabaharia wake, aliyezoea kuyatia chumvi kila alipoyasimulia, naye alishatuacha.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1906 hapa hapa Sandy Ground, katika nyumba iliyokuwa kati ya bwawa la chumvi na bahari, akiwa mtoto wa tatu wa Bwana Josiah Carty, mvuna chumvi, na Bi Keturah, aliyekuwa akiuza mikate ya mahindi kwa mabaharia. Kwa hiyo alilelewa na maji pande zote mbili, na mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu hakuwahi kutambaa, alielea tu mpaka akapata akili ya kusimama.

Alianza shule ya kanisa kule South Hill mwaka 1912, akapanda kile kilima kila asubuhi mpaka mwaka 1919, akajua kusoma, kuandika na kuimba sauti ya tatu. Mwalimu wake alimwandikia kwamba ni mtoto mwenye adabu kupita kiasi, anayewapisha wenzake mlangoni hadi kengele inalia naye bado yuko nje, na familia inaomba mlikumbuke neno hilo, maana tutalirudia.

Baada ya shule alivuna chumvi na baba yake, kisha mwaka 1922 akaingia baharini katika merikebu zilizopeleka chumvi yetu Trinidad na kuwapeleka wanaume wetu kukata miwa Santo Domingo. Wazee waliopo wanakumbuka kwamba kila Januari watu walishuka kule na upepo mgongoni, wakila na kulala kama wafalme, na kurudi mwezi wa Agosti ndiko kulikokuwa kazi, upepo uso kwa uso, merikebu inapiga bisha, inakwenda kushoto, inakwenda kulia, na watu wamejaa juu yake na magunia yao, kila mmoja akitaka kumwona mama yake kabla ya mwenzake. Ndipo manahodha walipoanza kushindana, na kisiwa kizima kikawa kinasimama juu ya jabali la South Hill kungoja kuona tanga la nani litaingia kwanza, kwa sababu anayetangulia ndiye anayepuliziwa kombe, lile gamba kubwa la bahari linalolia kama baragumu, na wa nyuma anaingia kimya kimya kama mtu aliyechelewa ibada.

Mwaka 1930, akiwa na umri wa miaka ishirini na minne, marehemu alikabidhiwa usukani wa merikebu iliyoitwa Ismay, na mwaka huo huo akaenda kwa Kapteni Obed Connor, mwenye merikebu iliyoitwa Drusilla, kumposa binti yake Zilpah. Kapteni Obed kwa miaka mingi hakuwa ametanguliwa na mtu yeyote kuingia Sandy Ground, na jambo hilo hakulificha, alilitaja hata alipoombwa kufungua chakula kwa sala. Alimsikiliza marehemu mpaka mwisho, akamjibu kwa sauti iliyosikika mpaka bwawani, "Kijana, wewe nakupenda, lakini mimi binti yangu simpi mtu anayeujua mgongo wangu tu. Unamtaka Zilpah? Nitangulie Sandy Ground." Mbele ya mashahidi marehemu alikubali, na tangu siku ile hakuna aliyeuliza habari ya bei ya chumvi tena, kila mtu aliuliza habari ya Agosti.

Agosti ya mwaka 1931 Ismay na Drusilla ziliondoka San Pedro, bandari ya Santo Domingo, asubuhi moja, na walipofika kusini ya kisiwa cha Santa Cruz, marehemu alikuwa mbele. Hili familia inalisema kwa kifua mbele, maana mara nyingi limesahauliwa: alikuwa mbele, na mbali sana, na mabaharia wake walikuwa wameanza kunyoa ndevu kwa ajili ya harusi. Kisha dhoruba fupi ikapita, na ilipopita marehemu akatazama nyuma akaona Drusilla imepasuka tanga kuu, imelala upande, inasukumwa na upepo kurudi ilikotoka, na watu wamejazana juu yake wanachota maji kwa masufuria. Cornelius Lake, aliyemtakia mema kuliko mama yake mzazi, alimwambia, "Kapteni, nakusihi, usitazame nyuma. Mke wako yuko mbele." Marehemu akamjibu, "Wale ni watu wa kwetu, Cornelius. Geuza," na Ismay ikageuka, ikashuka na upepo, na kila maili waliyokuwa wameitolea jasho wakairudisha.

Walipofika ubavuni, Kapteni Obed alisimama akiwa amelowa hadi kofia, akauliza, "Umekuja kunicheka?" na marehemu akasema, "Nimekuja kuchukua abiria wako, Kapteni, merikebu ipungue uzito na hilo tundu la ubavuni litoke majini." Obed akasema, "Wachukue. Lakini kuvutwa kwa kamba mimi sivutwi, mimi si mbuzi." Basi wakata miwa wote wa Drusilla wakahamia Ismay na magunia yao, na kwa kuwa hakuna nahodha anayeweza kufika na tanga lililopasuka, marehemu akampa na tanga lake kuu la akiba, jipya, ambalo Bi Keturah alilishona kwa mkono.

Ndugu waombolezaji, sasa fikirieni wenyewe. Mmoja ana merikebu nyepesi na tanga jipya, mwingine amebeba watu wa merikebu mbili mpaka maji yanakaribia kuingia sitahani. Walipofika Sandy Ground, aliyetangulia alikuwa Kapteni Obed Connor, kwa tanga la marehemu, na kombe likapulizwa. Ismay iliingia baadaye sana, ikiwa imezama hadi shingoni, na watu wa kijiji cha Blowing Point, ambao hadi leo hawana haya, wakampa marehemu jina la Kapteni Mkia, jina ambalo wajukuu wengine wanalijua mpaka kesho.

Abiria walieleza yote yaliyotokea, hakuna aliyeficha kitu, na Kapteni Obed hakukana hata neno moja. Alisema tu, "Tanga lilikuwa lake, lakini omo iliyotangulia kuingia ilikuwa yangu. Nilisema anitangulie, hakunitangulia." Alikuwa mtu wa neno lake hata pale neno lilipomuumiza, na lilimuumiza, kwa sababu Bi Zilpah hakugombana naye wala hakulia, alichofanya ni kumpikia baba yake mwaka mzima bila chumvi. Sima haina chumvi, mchuzi wa mbuzi hauna chumvi, samaki hana chumvi, katika kijiji ambacho chumvi imelundikwa mbele ya kila mlango, na kila alipouliza, binti alimjibu kwa heshima, "Baba, chumvi imetangulia, sijui imekwenda wapi."

Ikaja Agosti ya mwaka 1932. Siku ile jabali lilijaa kuliko siku ya Pasaka, wali wa mbaazi ulikuwa motoni, na Drusilla ikaonekana kwanza, Ismay nyuma yake. Lakini Drusilla ilipofika mdomoni mwa ghuba ikateremsha matanga yote, ikasimama, na Kapteni Obed, aliyechoka na sima ya mwaka mzima na pengine na kitu kingine ambacho hakuzoea kukitaja, akapaza sauti, "Pita, Urias! Pita kabla sijabadili nia!"

Na hapa ndipo marehemu alipofanya kosa ambalo ni mtu wa Sandy Ground tu anayeweza kulifanya. Naye aliteremsha matanga. Alisema hawezi kupewa ushindi kama mtoto anayepewa peremende, atapita siku atakayoshinda, na mzee akamwambia, "Mimi nimekwisha kusema pita!" na yeye akasema, "Tangulia wewe, Kapteni, wewe ndiye mkubwa," na mzee, "Huyu ni mbishi kuliko upepo!" Merikebu mbili zimejaa wanaume waliokaa miezi saba bila kuwaona wake zao, zimesimama pale zikitazamana, wapuliza kombe wamejaza mashavu hawajui wampulizie nani, na wake zao pwani wanapiga kelele ambazo hazifai kusomwa kanisani.

Aliyeyamaliza ni Bi Zilpah. Aliingia katika mtumbwi wa mjomba wake, akiwa na gauni lake la kanisani, akapiga makasia mwenyewe mpaka ubavuni mwa Ismay, akasema, na haya ni maneno yake mwenyewe kama alivyoyarudia wiki hii, "Urias, umeambiwa tangulia. Leo nimepika kwa chumvi na chakula kinapoa." Marehemu akamwambia kwa unyonge, "Zilpah, watu watasema nimepewa." Akamjibu, "Ndiyo umepewa. Na mimi pia napewa, mbona silalamiki? Ulimpa baba tanga, yeye anakupa njia, sasa nani kati yenu mwenye aibu? Tangulia!" Ismay ikapandisha matanga, ikaingia, na wazee wanasema kombe lilisikika hadi Saint Martin.

Walifunga ndoa tarehe 5 Novemba 1932, wakajaliwa watoto sita, ambao mmoja wao, Drusilla mdogo, Mungu alimchukua akiwa mchanga, na watano wapo nasi leo, wengine wametoka Aruba na wengine wamesafiri kutoka Slough, Uingereza. Wajukuu ni ishirini na wawili, na vitukuu wanaendelea kuja, tumeacha kuwahesabu.

Marehemu alikuwa nahodha kwa miaka arobaini na moja, akipeleka chumvi Trinidad, akileta mbao, unga na barua kutoka visiwa vyote vilivyo kati yetu na kule, mpaka alipostaafu mwaka 1971. Katika miaka hiyo hakumpoteza baharia hata mmoja, na sifa hiyo hakuitangaza yeye, wametuambia wake wa mabaharia wake, ambao hadi alipozeeka walikuwa wakimletea mikate kila Jumamosi. Bandarini aliendelea na tabia yake, merikebu zote ziingie kwanza, yeye awe wa mwisho, akisema anapenda kujua kwamba nyuma yake hakubaki mtu. Jina la Kapteni Mkia alilibeba mpaka likageuka kuwa heshima, na mwaka 1958 watu wa Blowing Point wenyewe waliliandika kwenye mashua yao ya mashindano, jambo ambalo familia inawasamehe.

Afya yake ilianza kudhoofika baada ya kile kimbunga cha mwaka 1995 kung'oa paa la nyumba yake, maana aliamua kupanda kulitengeneza mwenyewe akiwa na miaka themanini na tisa. Moyo ukachoka, miguu ikavimba, na tarehe 28 Julai mwaka huu 1997 alilazwa hospitali ya The Valley, na baada ya siku chache akaomba arudishwe nyumbani, hapa ghubani. Siku zake za mwisho alirudi baharini, alituita kwa majina ya mabaharia wake, na kila mtoto aliyefika kutoka safari aliulizwa naye swali moja, "Nyuma yako kuna mtu?" Daktari alituambia kwa upole kwamba hajui ni nini kinachomshikilia mzee huyu, mwili umemaliza kazi yake, lakini hataki kwenda. Sisi tulijua. Alikuwa amesimama mdomoni mwa ghuba, ameteremsha matanga, anamtazama Bi Zilpah, na kwa maisha yake yote hakuwahi kuingia akimwacha mtu wake nje.

Asubuhi ya Alhamisi tarehe 7 Agosti, siku ya mashindano ya kila mwaka, mashua zikiwa zinajipanga hapo chini, mama yetu alisogeza kiti, akamshika mkono, akamwambia kwa ile sauti ya mtumbwini, "Urias, umeambiwa tangulia. Usiningoje mimi, mimi niko nyuma yako hapa, nakuja, wala chakula hakitapoa." Marehemu alifungua macho, akasema, "Watasema nimepewa," akatabasamu, na hakusema tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali, majirani wa Sandy Ground mliokesha nasi, mabaharia wenzake na watoto wao, wanakwaya, na nahodha wa kila mashua iliyoshiriki mashindano siku ile, kwa sababu habari ilipofika ghubani mliteremsha matanga nyote pamoja, mkaacha njia wazi katikati, na ukapita muda mrefu bila mtu kuitumia. Mama aliona yote dirishani, na amesema mwambiwe kwamba safari hii Urias hakubisha, alipita.

Tangulia, Kapteni, uingie wa kwanza, na upumzike kwa amani. Sisi tuko nyuma yako.