Msimamo Uje Kwanza

Wanachama wenzangu, chai bado iko moto, na mimi sitazidisha. Nikizidisha, nikatizeni.

Mnanijua kwa makoti ya mitumba pale Busia. Ila mimi ni muuguzi; nilisoma, nikakosa kazi. Ikatokea nafasi ya kuuguza wazee ng'ambo, kukabaki mtihani wa Kiingereza tu. Kuongea nikapita. Kuandika insha nikaanguka. Nikarudia, nikaanguka tena. Nikadhani shida ni msamiati, nikameza maneno magumu kama dawa ya minyoo. Insha ikazidi kuugua.

Mama naye alikuwa mgonjwa. Siku moja nikimwosha miguu akaniuliza, "Sasa ukipita, utaniacha hapa?"

"Mama, ngoja kwanza nipite. Hata hao watu wa viza wana maneno mengi. Tutaona."

Akanipa mguu wa pili.

Kulikuwa na mwalimu mstaafu wa Khunyangu aliyekubali kunisahihishia insha. Alipokuja kibandani kwangu sokoni kunirudishia karatasi, jicho lake likaangukia koti.

"Hii ni ngapi?"

"Mwalimu, kwanza shika kitambaa."

"Nimeshika. Ngapi?"

"Wewe ni mtu wangu, hatuwezi kosana."

"Msichana, mimi nitazeeka hapa! Sema bei!" Akapiga karatasi zangu juu ya makoti. "Na ndivyo unaandika. Swali linataka kujua unakubali ama unakataa. Wewe unamzungusha mtu, unampandisha, unamshusha, msimamo unautoa mstari wa mwisho. Msahihishaji hakuja soko. Mwambie mapema, halafu mpe sababu."

Ndugu zangu, nawaambia, nilicheka, kisha kicheko kikakwama. Soko limetufunza kwamba anayetaja bei yake ya mwisho mapema amejimaliza. Kumbe nilikuwa napatana bei na mtihani.

Tangu hapo kila asubuhi, kabla ya kutundika makoti, niliandika insha moja: msimamo juu kabisa, kila aya na sababu yake, kila sababu na mfano wake. Mwalimu akachora nyekundu mpaka wino ukapungua. Nikaenda kufanya mtihani tena, mama akiwa amelazwa.

Matokeo yaliingia kwa simu tukiwa matangani: nimepita. Mama tulikuwa tumemzika. Niliyasoma mara mbili, mnanijua, kisha nikainuka nimwonyeshe. Kitanda chake kilikuwa kimeshatolewa nje.

Lile swali lake halikupata jibu. Nami jibu nilikuwa nalo siku ileile: nitaenda, mama, na kukuacha kutaniuma. Nililificha nikingoja saa nzuri.

Mwalimu, asante. Nanyi mlioketi na mama hospitalini nilipoenda kufanya mtihani, mkamlisha uji kwa zamu, sina cha kuwapa kinachotosha.

Wenye mitihani, msimamo uje kwanza. Na wenye mama nyumbani, mkitoka hapa mkawape jibu lao; msipitie sokoni.