Kazi Yangu Kugeuza Karatasi

Asalaam aleikum mama zangu, shangazi zangu, na nyie vijana mlojibanza nyuma karibu na sambusa, nawaona. Nimepewa dakika kumi. Anonijua anajua dakika kumi kwangu ni salamu tu, lakini leo nitajikaza. Majina sitaji. Alomo atajijua mwenyewe.

Nyote mnanijua kwa hasira. Msicheke! Yupo bibi hapo mbele nshagombana naye kwenye foleni ya pilau, na keshanisamehe. Si ndiyo, bibi? Kanyamaza. Basi bado.

Nilikuja London mwisho wa miaka ya tisini na fidla ya marehemu babu, alokuwa akiipigia taarab kwetu Unguja. Hakunifundisha mtu. Kaseti ndo mwalimu wangu: nasikiliza, narudisha nyuma, nasikiliza tena, mpaka mama akasema fidla au yeye, mmoja ahame nyumba yetu ya Kingsbury. Kazi yangu ilikuwa kwenye nyumba ya kulelea wazee. Siku moja natoka kazini, nangoja basi Edgware Road, nikasikia fidla nyingi kwa pamoja zinatoka kwenye ukumbi wa kanisa. Basi langu likaja likaondoka. La pili nalo likaondoka. Nikaingia.

Ndani walikuwa Waroma. Si watu wa Roma ya Papa, la. Hawa ni kabila lilotawanyika Ulaya nzima, na Ulaya nzima wanaambiwa hameni. Watu wana jina jengine la kuwabeza, mie silitii mdomoni. Wengi wakiwaona wanafikiri harusi na wizi. Hawa walikuwa wanapiga muziki mkubwa wa okestra, ule wa nguo nyeusi na kimya cha msikitini. Wamesoma vyuo, wamepiga kwenye okestra za nchi zao, kisha wakaandikiwa matusi milangoni wakakimbia. Sasa wanasafisha maofisi.

Mwalimu wao, mzee mmoja wa sauti ya chini, alikuwa na sharti. Kwenye okestra wapiga fidla wanakaa wawili wawili, na karatasi ya muziki ni moja mbele yao. Yeye akataka kila wawili, mmoja awe Mroma na mwenziwe awe mtu wa kwengine. Alikuwepo Mserbia, Mturuki, Waingereza, na mie. Akisema, "Watu wakituona tunasoma karatasi moja, hotuba ya amani ya nini?" Lakini mmoja akifanya fujo, wanatoka wote wawili. Hiyo sehemu ya mwisho ishikeni.

Mie nikakalishwa na mama mmoja, rika la mama yangu. Nikamwita Shangazi, akalipenda. Na desturi ya okestra, yule mdogo ndiye anogeuza karatasi. Mwenziwe anaendelea kupiga, wewe unaacha upinde, unageuza upesi, unarudi. Sasa ndugu zangu, nawaambia siri yangu. Mie karatasi ile sijui kuisoma! Naona inzi waliotua kwenye nyaya za umeme. Nikisikia wimbo mara mbili nnao, lakini ukurasa unaisha wapi, sijui.

Siku ya pili tu Shangazi akanigundua. Akaninong'oneza, "Wewe husomi."

Nikapanda juu. "Nani kakwambia?"

"Umegeuza kurasa mbili, na bado unapiga sawasawa. Babangu naye alikuwa hivyo hivyo. Kaa kimya. Nikishusha kidevu, geuza."

Basi. Hakunisema kwa mtu. Miezi mizima kidevu kinashuka, nageuza. Na mie mtu akinifanyia hivyo, akiguswa nimeguswa. Hapo ndipo nilipoangukia.

Ikapangwa konsati kwenye mtaa mmoja wa nyumba za kaunsili, zile za kupangishwa na serikali, kusini huko. Mtaa huo wakaazi walitia saini kwamba hawataki familia za Kiroma wapewe nyumba pale. Mwalimu akasema, hao hao ndo tutakaowapigia. Kwa Shangazi ilikuwa mara ya kwanza kukaa kiti cha okestra mbele ya watu tangu alipokimbia kwao. Gauni jeusi keshalipiga pasi wiki tatu kabla.

Tukaenda kufanya mazoezi kule ukumbini. Mwenyekiti wa wakaazi kasimama mlangoni, bwana mnene, koti halivui. Akatutazama, akasema, "Wanamuziki wote mifuko yao waiache hapa mlangoni, nnapoiona." Nyie mmeelewa alichokusudia? Na mie nilielewa. Shangazi akauweka mkoba wake chini, taratibu, kama mtu anolaza mtoto.

Mie nna kikombe cha chai mkononi. Kilishapoa, alhamdulillahi. Nikammwagia. Kichwani, mpaka ndani ya koti! Na maneno nilomwambia, mbele ya mama zangu siyarudii.

Hapo vijana wa nyuma mnataka kupiga makofi. Ngojeni.

Ukumbi tukafungiwa siku ile ile. Na Mwalimu hakupaza sauti. Akatutazama mie na Shangazi, akasema, "Sharti mnalijua." Nikamgeukia Shangazi, nikidhani atanikumbatia, maana nimempigania. Akachukua mkoba wake. Akasema, "Nani kakutuma? Miaka arobaini nna watu wa kukasirika kwa niaba yangu. Nilikuwa nataka mtu wa kunigeuzia karatasi."

Akapanda basi. Hakugeuka.

Mama zangu, hayo maneno yalinikata. Kazini nikawa nafoka, nikafukuzwa. Fidla nikaisukumia chini ya kitanda. Mama ananiletea uji, naugeukia ukuta. Kumbe watu wote nnaosema nawapenda, mie ndo nawatia hasarani.

Siku ya kumi mlango unagongwa. Shangazi. Mama kamfungulia, hawaelewani hata neno, lakini kahawa ishatengwa. Akaja akanivuta shuka. "Amka. Umebakisha siku kumi na moja."

"Za nini? Si tumetolewa?"

"Nimeongea na Mwalimu. Kasema yule bwana akikubali kutufungulia ukumbi, tunarudi. Kwa hiyo wewe utafanya mawili. Utajifunza kusoma karatasi, na utakwenda kumwomba radhi."

"Nimwombe radhi yule?"

"Kiti changu kiko mkononi mwake. Wewe ndo ulompa."

Nikatoka kitandani. Akachukua kunde za mama jikoni, akachora mistari mitano nyuma ya kalenda, akaanza kuzipanga. Kunde hii sauti hii, kunde ile sauti ile. Siku ya tatu wale inzi wakaanza kusema. Nililia, wallahi. Mama akasema, kama mnalia bora nizipike.

Kuomba radhi ndo kulikuwa mtihani. Nikapanda ngazi za yule bwana, ghorofa ya tatu. Akafungua.

"Wewe tena? Umekuja na chai?"

Damu ikapanda, naijua inavyopanda, inaanzia masikioni. Nikaimeza. Nikasema, "Nimekuja kukuomba radhi kwa nilichokufanyia. Na nakuomba uje ukae usikilize. Kiti kimoja tu."

"Na mifuko?"

"Wangu nitauweka wa kwanza."

Akanitazama sana. Akafunga mlango. Nikarudi nyumbani sina hata usingizi wa mchana.

Kesho yake Mwalimu kapigiwa simu. Ukumbi upo, sharti lile lile, mifuko mlangoni. Shangazi akacheka mara ya kwanza tangu ile chai. "Basi iwe mifuko ya wote," akasema. Siku ya konsati Mwalimu akasimama mlangoni na kila aloingia kauweka mfuko wake chini. Wapiga muziki, majirani, mwanasheria mmoja na mkoba wake, bibi mmoja na kikapu chake cha soko la Tooting. Lundo moja. Hujui wa Mroma upi, wa Muingereza upi.

Bwana mnene kakaa safu ya nyuma, koti halivui.

Shangazi akaninong'oneza, "Leo kidevu hakishuki. Soma mwenyewe." Tukaanza. Tumefika pale pazito, mistari miwili kabla ya kugeuza, nikamwona yule bwana anasimama. Katikati ya muziki! Anaelekea kwenye lundo la mifuko. Masikio yakaanza kuwaka. Anafanya nini pale? Anapekua? Anaondoka atutie aibu? Nikimfuata kwa macho, ukurasa unanipita, na Shangazi ataanguka mbele ya watu wote.

Nikarudisha macho kwenye karatasi. Nikahesabu. Nikageuza. Shangazi hakupoteza hata sauti moja.

Tulipomaliza ndo nikatazama. Yule bwana alikwenda kuufunga mlango, maana kelele za mabasi zilikuwa zinaingia. Kisha kakaa pale pale pembeni ya mifuko, koti lake liko mapajani.

Hakutuomba radhi, nisiwadanganye. Akatoka akaniambia tu, "Mlango ule haufungiki vizuri." Lakini mwaka uliofuata, ukumbi alitufungulia mwenyewe.

Namshukuru Mungu, na mama yangu na kunde zake, na Mwalimu aloshika sharti lake hata liliponiuma. Na Shangazi, yule pale kakaa na kilemba alichoazimwa na mama, haelewi nnachosema ila anajua namsema. Nilokuja nalo kwenu ni hili: ukimpenda mtu, kwanza muulize anataka umfanyie nini. Mie nilimpigania vita asivyovitaka, na kazi alonipa nikaiacha.

Nimemaliza. Chai nimeipika mie leo, ina iliki. Kaeni msiogope, hii nawamiminia vikombeni. Nitaanzia kwa bibi wa pilau.