Mashavu Buya, Aliyewatafutia Ng'ombe Njia ya Kwenda Mtoni

Marehemu Mashavu Buya alizaliwa katika kijiji chetu hiki cha Hewani, kando ya mto, tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa pili wa Mzee Buya na Bibi Dhahabu. Mimi ninayewasomea ni kaka yake mkubwa.

Alianza shule ya msingi hapa kijijini, akaendelea na masomo ya upili katika shule ya bweni ya wasichana huko Kilifi, kisha akasomea hisabati chuo kikuu Nairobi. Alihitimu mwaka 1992, akarudi kufundisha hapa wilayani. Wanafunzi wake watakumbuka kwamba ukikosea hesabu hakukuchapa. Alikuuliza umefikaje hapo, na swali hilo liliwachosha kuliko kiboko.

Tarehe 6 Agosti 1994 alifunga ndoa kanisani na Bwana Katana Kenga, fundi wa jenereta mjini Garsen. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Kenga.

Mwaka 1996 alirudi Nairobi kusomea shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta. Mwisho wa masomo hayo kila mwanafunzi hujichagulia swali, hulitatua peke yake na kuliandikia tasnifu. Sisi tulitarajia atajifungia chumbani na mashine. Badala yake alirudi nyumbani, akavaa viatu vya mpira, akawa anafuata ng'ombe wa Waorma, wafugaji wa huku kwetu, tangu malishoni hadi mtoni. Majirani walituuliza kama ana akili timamu.

Mzee Sora, mwenye ng'ombe hao, naye alishangaa.

"Wewe mama, serikali?" alimuuliza.

"Hapana, mzee. Mimi mwanafunzi."

"Mwanafunzi ya ng'ombe?"

"Wa kompyuta."

"Sasa kompyuta nakunywa maji?"

Marehemu alicheka hadi akaketi chini. Kisha akamweleza, na baadaye akatueleza na sisi. Kila kiangazi mifugo ikishuka mtoni hupita mashambani, na watu huumizana. Alitaka kuiandikia kompyuta programu itakayotafuta njia ambayo ng'ombe wangefika majini wakiharibu mazao machache kabisa. Tuliitikia kwa vichwa. Kusema kweli hatukuelewa mashine iliyo mezani ingejuaje mgomba wa nani uko wapi.

Mwishoni mwa 1997 mafuriko ya El Niño yalifunika mashamba yote aliyokuwa ameyapima. Maji yalipokauka, mipaka ilikuwa imehama na mto wenyewe umekula kingo. Tulidhani ataacha. Alianza upya, akitumia kompyuta ya ofisi moja mjini Garsen, mume wake akimwashia jenereta.

Jibu lilipotoka, njia ilikatiza katikati ya shamba la migomba la baba yetu.

"Mwanangu," baba alimwambia, "hiyo kompyuta inanijua mimi?"

"Haikujui, baba. Ndiyo maana imepita hapo."

"Basi iambie ni shamba la baba yako."

"Nikiiambia, itapita kwa baba wa mwingine."

Baba aliondoka bila kuaga. Kwa muda mrefu hawakusemezana, na sisi hatukujua tumtetee nani.

Januari mwaka huu alianza kuugua. Homa ilikuja na kuondoka. Tuliambiwa ni malaria, kisha homa ya matumbo, kisha tusubiri vipimo. Mwili ukazidi kukonda. Akiwa wodini, Februari, ukame ulishusha ng'ombe wa Mzee Sora hadi Hewani. Vijana wa kijiji walishika mapanga, wachungaji wakashika mikuki. Hapo baba akatokea na panga lake, akaanza kuikata migomba yake mwenyewe, mstari mzima wa ile njia ya kompyuta, hadi ukingoni. Wengine walidhani amerukwa na akili. Ng'ombe wakapita, wakanywa, wakarudi. Hakuna aliyeumizwa. Hadi leo baba hajatuambia kwa nini alifanya vile.

Nilimkimbilia dada yangu na habari hizo nikitarajia machozi ya furaha.

"Walipita pamoja au walitawanyika?" akauliza.

"Walitawanyika kidogo."

"Basi sura ya nne ya tasnifu ina kosa."

Akaisahihisha akiwa kitandani, mume wake akiandika. Tasnifu ilifika chuoni mwezi Aprili. Kama amefaulu, bado hatujaambiwa.

Alituaga adhuhuri ya Jumapili, tarehe 9 Mei 1999, baba akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume wake, Katana. Mwana wake, Kenga. Wazazi wake, Mzee Buya na Bibi Dhahabu. Nami kaka yake. Asubuhi hii Mzee Sora amekuja na watu wake, akaomba jina lake lisomwe miongoni mwa wafiwa. Tuliulizana tumwandike kuwa nani wa marehemu. Yeye si wa ukoo wetu, wala si wa dini yetu. Baba akasema, "Andikeni tu." Tumemwandika.

Pumzika kwa utulivu, Mashavu. Mungu anayeelewa yaliyotushinda akupokee.