Kochi la Dada

Katika basi la mjini Toledo, Bi Lorene alijifanya anatazama theluji, ila masikio yake yalikuwa kwenye kiti cha mbele.

"Wakikuuliza kwenye ofisi ya nyumba, usiseme unaishi kwa dada," muuguzi mmoja alimwambia binti mjamzito aliyekaa naye. "Kochi si nyumba, mwanangu. Sema huna kwako, la sivyo watakuruka wakigawa nyumba za serikali."

"Lakini mama, dada ananipikia, ananifulia mashuka. Nikisema sina kwangu, si nimemtukana?"

"Hebu msikie huyu," muuguzi akasema. " Atakayekuwa jirani yako ana bahati."

Basi likasimama kwenye ofisi ya nyumba. Muuguzi, ambaye hospitali yake ilikuwa bado mbele, akashuka naye, kamshika mkono. Bi Lorene akamsikia binti akijaribu jibu alilofundishwa, kwa sauti ndogo: "Sina... nipo kwa dada."