Njia ya Ziwani Niliyoifunga kwa Mdomo Wangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mimi ni bibi yake Nyangeta, wa huku mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki. Wengi mnanijua kwa ukali. Leo sikaripii mtu, kaeni kwa amani. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msinitafutie makosa ya kuandika. Tafuteni alichonitendea Mungu.

Nianze na miguu. Ndugu zangu, mimi nilikuwaga mkimbiaji! Si wa kuvaa raba na kupigiwa filimbi. Tulikimbia kwa sababu ya samaki. Enzi zetu barafu hatukuijua, na pikipiki hazikuwepo. Sato akitolewa kwenye nyavu asubuhi, lazima afike sokoni Mwigobero macho yake bado yanang'aa. Jua likikuwahi, unauza harufu. Basi sisi wasichana tunajitwika makarai, tunashika njia ya ziwani, mmoja nyuma ya mwenzake, na mama yangu yuko mwisho kabisa anatufukuza kwa mdomo: "Vuta mguu! Samaki hakungoji!"

Njia ile jamani! Ikitoka mwaloni inapita kwenye mchanga uliolowa, ule mgumu, mguu hauzami. Inakuja kwenye matete, ndege weusi wanaruka mbele yako kama umewatuma. Halafu inapanda kwenye yale mawe makubwa yaliyobebana. Unapita katikati yake kama mlangoni, ukitokea upande wa pili ziwa lote liko mbele yako, na upepo unakukausha jasho hapo hapo. Pale tulikuwa tunasimamaga, tunavuta pumzi, tunacheka, halafu tunateremka kuelekea mjini. Nimekula vitu vizuri katika maisha yangu, lakini utamu wa upepo wa pale mawe sijaupata kwingine.

Kwenye njia hiyo hiyo ndiko alikoniona marehemu mume wangu, baba Tabu. Alikuwa mtu wa Bugwema, mtu wa jembe na ng'ombe, amekuja mwaloni kununua dagaa. Akaniona napita mbio na karai. Akawaambia wenzake, "Huyu nikimkamata namuoa." Hakunikamata. Nilisimama mwenyewe.

Nikamtoa kwenye jembe, nikamtia kwenye mtumbwi. Maji hakuyapenda, ila mimi alinipenda, basi akajifunza kutega nyavu. Na mimi mdomo wangu haukumwacha apumzike. Kila akiangalia mawingu, namtania mbele ya watu. Asubuhi moja upande wa ziwani kulikuwa kweusi. Baba Tabu akasimama na kasia mkononi akasema, "Mama Tabu, leo nyavu zilale." Nikamjibu, "Mwanaume unaogopa mvua kama mbuzi? Rudi Bugwema ukapalilie mihogo." Wanawake waliokuwa wanaanika dagaa wakacheka. Yeye hakucheka. Akasukuma mtumbwi, akaenda.

Dhoruba ilikuja kabla uji haujapoa.

Ndugu zangu, siku ile nilikimbia njia yangu yote. Mwalo wa kwanza hawajamwona. Mwalo wa pili hawajamwona. Nilipofika pale mawe nikakuta watu wamesimama, wamefunika kitu kwa kanga. Sikuhitaji kufunua. Nyayo zilikuwa nje, nyayo za mkulima, zimepasuka. Maji ya miaka yote ile hayakuwa yamezilainisha.

Baada ya maziko nilijiapiza kwamba mguu wangu hautakanyaga tena njia ya ziwani. Watu walidhani ni uchungu. Uchungu ulikuwepo, lakini kilichonifunga ni aibu. Yale maneno ya mbuzi na mihogo sikumwambia mchungaji, wala binti yangu Tabu, wala Mungu sikumtajia, kana kwamba hakuyasikia! Nilikuja ibadani kila Jumapili kwa kuzunguka barabara ya juu, kwenye vumbi la malori. Miaka inapita, naimba, napiga makofi, na nyumbani ziwa liko mlangoni pangu lakini naligeuzia mgongo.

Tabu anafanya biashara Bunda, akaniletea binti yake nimlee. Ndiye Nyangeta. Na huyo mtoto, sijui damu inakumbuka namna gani, akawa mkimbiaji! Shuleni hakuna wa kumfikia. Mwalimu akamwambia afanye mazoezi kila asubuhi, na njia nzuri ya mbio mnaijua ni ipi. Siku aliyorudi na mchanga uliolowa miguuni, nilimsimamisha mlangoni. Nikamwambia, "Ukipita njia ile tena, usiniite bibi."

Wenye asili ya huku mnajua uzito wa neno hilo. Neno baya la mzee linamkaa mtoto mwilini. Nilijua hivyo na nikalitamka. Mtoto akatii. Akahamia barabara ya juu, kukimbizana na malori.

Jumamosi moja nachambua maharage, namwona jirani yangu mama Ezekieli anakuja anapepesuka. "Bibi Nyangeta! Mtoto kagongwa na pikipiki kule juu! Wamempeleka zahanati!"

Zahanati iko ng'ambo ya mawe. Kwa barabara ya juu unazunguka kilima chote. Kwa ziwani ni mwendo wa kuimba nyimbo chache. Ndugu zangu, sikufikiri. Maharage yalimwagika, ndala moja ikabaki mlangoni, nikashuka ziwani mbio, mimi mzee mwenye wajukuu tisa! Wanawake waliokuwa wanaanika dagaa wakapiga kelele, "Bibi, unafukuzwa na kiboko?" Nikapita. Mchanga ulikuwa ule ule. Ndege waliruka vile vile.

Nilipofika pale mawe, miguu ikagoma. Ikagoma kabisa! Nilishika jiwe nikaona kanga ile na nyayo zile kama zimelazwa leo. Nikajua nikigeuka nyuma nitakufa nimefungwa. Nikapaza sauti: "Mungu, nilimcheka mume wangu akaenda akafa. Niliyasema mimi. Na huyu mtoto nimemweka barabarani kwa mdomo huu huu. Nisamehe, nipitishe hapa!"

Asifiwe Mwokozi! Sikusikia sauti, sikuona mwanga, sitawadanganya. Nilisikia upepo. Ule ule wa usichana wangu, ulitoka ziwani ukanipiga kifuani, na mguu wa kulia ukanyanyuka, na wa kushoto ukafuata. Nikapita pale mlangoni mwa mawe nalia na nakimbia.

Nilimkuta Nyangeta amekaa kitandani, goti limefungwa bendeji, mkono umechubuka, mfupa haukuvunjika. Akaniangalia mguu mmoja una ndala, mwingine una mchanga uliolowa.

"Bibi, umepita wapi?"

"Ziwani."

Akauangalia tena ule mchanga. Halafu yule mtoto, na maumivu yake yote, akasema, "Basi na wewe usijiite bibi."

Muuguzi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilipiga magoti. Wazee wetu walitufundisha kwamba neno la namna ile halifutwi na mtu mwingine. Mdomo uliofunga ndio ufungue, na watu wasikie. Nikaliondoa pale pale, muuguzi akiwa shahidi. Nikamsimulia mtoto habari za babu yake, na mawingu, na mbuzi, na mihogo, yote. Akanishika kichwa kama mimi ndiye mjukuu. Wiki ile nikapanda basi kwenda Bunda nikamwambia Tabu. Alilia sana. Kisha akanipikia.

Na leo nafungua mbele yenu, maana wengine wenu mlikuwepo mwaloni siku ile mkacheka na mimi, na ninajua hamjalala vizuri. Namshukuru Mungu aliyenivumilia. Wewe uliyefunga njia kwa mdomo wako, iwe ya nyumbani kwa ndugu yako au ya kaburini kwa baba yako, mtumaini Yesu ukanyage. Miguu itagoma. Mwite hapo hapo ilipogomea.

Goti la Nyangeta limepona. Kila asubuhi anakimbia ziwani, na mimi natembea nyuma yake mpaka pale mawe. Anayetaka aje, tunaanza saa kumi na mbili. Mtatukuta tu kwa kelele zake, amesimama juu ya jiwe ananiita, na neno hilo la mama yangu sikumfundisha mimi: "Vuta mguu, bibi! Vuta mguu!"