Kawa la Mzee Isihaka

Mheshimiwa Diwani wetu, Mganga Mfawidhi wa kituo chetu cha afya, viongozi wa dini, ndugu wageni waalikwa kutoka Handeni mliokuja kutunyang'anya muuguzi wetu, wanakikundi wenzangu wa kliniki ya uzito hapa Ngombezi, na wewe muuguzi wetu, mwanangu Nasinkoi: wakubwa shikamooni, na wadogo marahaba kabla hamjaniamkia.

Nimeombwa niseme machache kuhusu ile programu ya simu iliyotufundisha kula kwa utulivu. Wengi mnaijua. Kabla hujatia tonge mdomoni inakwambia uvute pumzi mara tatu, kisha inakuuliza, kwa sauti ya Nasinkoi mwenyewe aliyeombwa kuirekodi: "Njaa yako iko wapi? Tumboni, mdomoni, au moyoni?" Nawe unabonyeza. Siku ya kwanza tulicheka sana. Mtu umelima tangu alfajiri, halafu simu ikuulize kama una njaa?

Mimi kwa miezi minne nilibonyeza tumboni. Nilitafuna polepole kama nilivyoelekezwa, soda nikaacha, na bado mzani ukapanda hadi kilo tisini na sita, magoti yakagoma. Wenzangu mkapungua. Mlidhani nakula kwa kujificha, na hamkukosea sana.

Leo naomba niseme. Mume wangu Mzee Isihaka, ambaye wengi wenu mlifanya naye kazi kiwanda cha mkonge, alikuwa akirudi saa nane mchana, na chakula chake hukikuta chini ya kawa. Miaka thelathini na moja. Alipofariki, mkono wangu haukupata habari. Niliendelea kupakua sahani mbili, ya pili naifunika, nakaa kusubiri. Saa tisa inafika, hajarudi. Chakula kumwaga ni dhambi, basi nakila. Nilikuwa nakula changu na cha marehemu, ndugu zangu.

Siku moja simu iliponiuliza, nikachoka kudanganya. Nikabonyeza moyoni.

Kesho yake Nasinkoi, aliyekuwa akiyasoma majibu yetu pale kliniki, akaja nyumbani saa nane hiyohiyo. Akaliona kawa.

"Mama, hiki cha nani?"

Nikamwambia. Je, alinihubiria habari za wanga na sukari? Hakunihubiria. Alinawa mikono akasema, "Basi leo naomba nikile mimi. Wewe nisimulie habari zake."

Nikasimulia, yeye akala, akamaliza, nami nikalia mpaka kanga ikalowa. Tangu hapo alikuja kila Jumanne, na siku nyingine nikajifunza kupika kipimo cha mtu mmoja. Nimepungua kilo kumi na moja. Lakini Mzee Isihaka bado namtamani kila saa nane ikifika, na programu haina kitufe cha kuliondoa hilo, wala sikitaki.

Sasa Nasinkoi anarudi kwao Handeni. Jumanne ijayo nitapakua sahani mbili tena? Nitapakua. Wanakikundi, mlango uko wazi, yeyote aje. Msiniache niile ya pili peke yangu.

Nawashukuru kwa masikio yenu na uvumilivu wenu. Mwanangu Nasinkoi, pokea kawa hili, ndilo lile lile. Huko uendako, lifunikie chakula cha mtu anayerudi.